Nukta za kwanta, nukta za kaboni, vishada vya dhahabu au chembe za kupandisha mwanga: zipi zinafaa kupimia damu na mkojo?

Ukimimina mkojo wa asubuhi katika kichupa cha kioo, ukazima taa, kisha ukaumulika kwa tochi ya urujuanimno ya nanomita 365, utaona mkojo wenyewe unang'aa kwa rangi ya buluu iliyofifia, inayoelekea kijani, kabla hujautia kemikali yoyote. Ukiweka kando yake kichupa cha nukta za kaboni zilizozimuliwa kwa maji mengi, mtu atakayeingia chumbani wakati huo atapata tabu kutambua kipi ni kipi. Nukta hizohizo, zikipigwa picha katika maji safi ya maabara, hupendeza mno, na picha ya namna hiyo ndiyo inayowafanya watu wengi wachague kihisi kwa macho kabla hawajajiuliza kitatumbukizwa katika kitu gani.

Ulinganisho huu unamlenga mwanafunzi wa uzamili, mtaalamu wa maabara au mtafiti ambaye ameshaamua kupima dutu fulani ya mwilini kwa kutumia chembe za nano zinazong'aa (ukubwa wake hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu za bilioni za mita), lakini bado hajaamua atumie zipi. Makundi yatakayolinganishwa ni manne: nukta za kwanta, nukta za kaboni, vishada vya dhahabu, na chembe za kupandisha mwanga. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime anapoendelea: uchaguzi huanzia kwenye sampuli, hufuatwa na kifaa cha kusomea kilichopo mezani, na mng'ao wa chembe yenyewe huja mwisho. Kwa mpangilio huo, chembe hafifu mara nyingi huishinda chembe angavu.

Kitu chenye fluoresensi hufyonza mwanga wa wimbi fupi kisha kikatoa mwanga wa wimbi refu zaidi, na sehemu ya fotoni zinazorudi kati ya zile zilizofyonzwa huitwa mavuno ya mwanga. Kihisi hupatikana pale dutu inayotafutwa inapobadilisha mng'ao huo. Inaweza kunyakua elektroni kutoka kwenye chembe. Inaweza kupokea nishati yake bila fotoni kutoka nje, jambo linalowezekana tu pale umbali baina yao unapokuwa kati ya nanomita 1 na 10 hivi. Inaweza kuzifanya chembe zigandamane. Au inaweza kuukinga mwanga tu, kama mtu aliyesimama mbele ya taa. Njia hii ya mwisho, nitakayoiita kivuli, ndiyo inayodanganya zaidi, na tutairudia.

Jambo jingine la kukumbuka tangu mwanzo ni kwamba kihisi kinachozimika ni rahisi kukitengeneza, lakini ni dhaifu mbele ya sampuli halisi, kwa sababu vitu vinavyoweza kuzima mng'ao ni vingi mno. Kihisi kinachowaka, au kile chenye rangi mbili ambapo moja hubadilika na nyingine hubaki kama shahidi, hugharimu kazi zaidi lakini humpunguzia mtafiti maswali ya wahakiki, na humpunguzia mgonjwa majibu ya uongo.

Sampuli ina mwanga wake

Seli zina NADH, molekuli inayobeba elektroni, ambayo hufyonza mwanga karibu na nanomita 340 na kutoa buluu karibu na 460. Zina pia flavini, ambazo hufyonza karibu na 450 na kutoa kijani karibu na 525. Mkojo una riboflavini na masalia ya rangi za nyongo. Damu nzima ina himoglobini, ambayo haing'ai kwa kiasi cha kusumbua, lakini hufyonza mwanga kwa ulafi, na kilele chake kikubwa kiko karibu na nanomita 415, kikifuatiwa na vingine viwili karibu na 540 na 577. Kwa hiyo chembe inayomulikwa kwa 360 na kutoa 440 imejiweka katikati ya soko lenye kelele: mkojo unatoa rangi ileile, seli zinatoa rangi ileile, na damu inaifyonza rangi hiyo hata kabla haijafika kwenye kigunduzi.

Njia za kukwepa kelele hiyo ni tatu. Ya kwanza ni kuhamia rangi nyekundu na zaidi yake, yaani kati ya nanomita 650 na 950, ambako tishu na damu hufyonza kidogo. Ya pili ni kumulika kwa mwanga wa infraredi usioweza kuziamsha molekuli za mwili. Ya tatu ni kusubiri: mng'ao wa asili wa sampuli hufa ndani ya nanosekunde chache, ilhali baadhi ya vifaa huendelea kung'aa kwa muda mrefu zaidi. Kila kundi kati ya manne yetu lina nafasi yake katika njia hizi, na nukta za kaboni za buluu ndizo zenye nafasi mbaya kuliko zote, ingawa ndizo maarufu kuliko zote.

Nukta za kwanta

Hizi ni fuwele ndogo za nusu kipitishi, kwa kawaida kadimi na seleni ndani ya ganda la zinki na salfa, ambazo rangi yake huamuliwa na ukubwa: chembe ya nanomita 2 hivi hutoa buluu, na ya nanomita 6 hivi hutoa nyekundu, ingawa kemia yake ni moja. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2023 ilitolewa kwa Alexei Ekimov, Louis Brus na Moungi Bawendi kwa kuzigundua na kuzitengeneza. Njia ya Bawendi ya mwaka 1993, ya kudunga viambato ndani ya kimiminika cha moto sana ili fuwele zote zianze kukua kwa pamoja, ndiyo iliyozifanya ziwe na ukubwa unaolingana na hivyo kuwa na rangi safi.

Usafi huo wa rangi ndio sababu kubwa ya kuzichagua. Mkanda wa rangi wa nukta moja una upana wa nanomita 25 hadi 35 tu, na taa moja ya urujuani huweza kuamsha nukta za rangi tano kwa wakati mmoja. Mtu anayetaka kupima protini nne katika tone moja la seramu, kila moja ikiwa na kingamwili yake na rangi yake, hana mshindani mzuri zaidi wa nukta za kwanta. Vilevile ni watoaji hodari wa nishati kwa umbali mfupi: mwaka 2003 watafiti wa Naval Research Laboratory huko Washington walizifunika kwa protini inayoshika sukari ya maltosi, wakaweka rangi ya kuzimia mahali ambapo maltosi hukaa, na maltosi halisi ilipokuja kuisukuma nje rangi hiyo, nukta ikawaka tena. Huo ni mfano bora wa kihisi kinachowaka, na hadi leo wengi wanautumia kama kiolezo kwa kubadilisha protini tu.

Taabu zake nazo si ndogo. Nukta bora huzaliwa katika mafuta, si katika maji, na kazi ya kuzihamishia majini huzipunguzia mwanga na kuziongezea unene wa koti, unene ambao unazidisha umbali na kudhoofisha uhamishaji wa nishati nilioutaja. Wapo wanaokwepa taabu hii kwa kutengeneza nukta za kadimi na teluri moja kwa moja ndani ya maji, kwa msaada wa asidi zenye salfa. Kazi hiyo hufanyika kwa joto la maji yanayochemka na matokeo yake hung'aa vizuri, lakini nukta hizo huoksidika kwa urahisi na huzimwa na shaba, zebaki na fedha bila kubagua. Anayesema ametengeneza kihisi cha zebaki kwa nukta hizi bila kuonyesha kilichotokea alipotia shaba amefanya nusu ya kazi.

Kisha kuna kadimi yenyewe. Ganda likiharibika kwa hewa au kwa urujuanimno, ioni za kadimi hutoka, na kadimi ni sumu inayojikusanya kwenye figo. Ndani ya kisahani cha vipimo jambo hili linavumilika, mradi taka zikusanywe kando na zisimwagwe kwenye sinki. Ndani ya seli zitakazotazamwa kwa siku kadhaa linatia shaka kila tokeo. Ndani ya mwili wa mtu halizungumziki. Nukta za indiamu na fosforasi zimeletwa kama mbadala, nazo hupunguza hofu hiyo, ingawa mkanda wake wa rangi ni mpana zaidi.

Nukta za kaboni

Ziligunduliwa mwaka 2004, bila kutarajiwa, na watafiti waliokuwa wakisafisha masizi ya tao la umeme ili kupata mirija ya nano ya kaboni, wakaona sehemu ya uchafu inang'aa. Tangu hapo zimetengenezwa kwa karibu kila kitu chenye kaboni, kuanzia sukari hadi maganda ya matunda, na hapa ndipo sifa na lawama zake zinapoanzia pamoja.

Njia inayonukuliwa sana ilitoka Chuo Kikuu cha Jilin nchini China mwaka 2013. Unayeyusha gramu 1.05 hivi ya asidi sitriki katika mililita 10 za maji, unaongeza mikrolita 335 za ethilinidiamini, unafungia mchanganyiko ndani ya chombo cha chuma chenye bitana ya Teflon, na unakiweka kwenye tanuri la nyuzi 200 kwa saa 5. Kinachotoka ni kimiminika cha kahawia iliyoiva, ambacho kikizimuliwa na kumulikwa hutoa buluu kali, na waliokibuni waliripoti mavuno ya mwanga ya takribani asilimia 80. Viambato vyake ni vya bei nafuu, tanuri lipo karibu kila maabara ya kemia, na hakuna metali nzito. Kwa kufundishia, sijui njia iliyo bora kuliko hii.

Lakini kile kinachong'aa ni nini hasa? Baadaye ilionyeshwa kwamba asidi sitriki na ethilinidiamini hutengeneza pia molekuli ndogo yenye uzito wa daltoni 180 hivi, ambayo yenyewe hutoa buluu kali, na kwamba sehemu kubwa ya mwanga uliosifiwa inaweza kuwa wa molekuli hiyo na si wa nukta. Namna ya kuhakikisha ni rahisi, nayo inapuuzwa: weka mchanganyiko katika mfuko wa utando wa kuchujia, uuzamishe kwenye bika kubwa la maji, ubadilishe maji hayo mara kwa mara kwa siku mbili au tatu, na kila unapoyabadilisha uyamulike. Kama maji ya nje yanang'aa kwa nguvu ilhali ya ndani ya mfuko yanafifia, ulichokuwa nacho kilikuwa rangi ya kawaida yenye jina la kisasa. Hilo si kosa kisayansi, ila kihisi chako hakitakuwa cha nano, na mtu mwingine atakayekisafisha vizuri kuliko wewe hatapata matokeo yako.

Suala la pili ni chuma. Machapisho yanayodai kupima ioni za chuma chenye chaji tatu kwa nukta za kaboni ni mengi mno, na karibu yote yanamalizia kwa jedwali la seramu iliyozimuliwa, ikatiwa chuma cha kiasi kinachojulikana, na kihisi kikakipata chuma hicho. Tatizo ni kwamba chuma cha seramu, ambacho kwa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya mikromoli 10 na 30 kwa lita, hakielei peke yake; kimeshikwa na protini iitwayo transferini kwa nguvu kubwa sana, na katika hali ya alkali kidogo ya damu chuma huru chenye chaji tatu hugeuka kutu na kutuama. Kwa hiyo jedwali lile linathibitisha kwamba chuma kilichotiwa dakika tano zilizopita kinaonekana, na halisemi lolote juu ya chuma cha mgonjwa. Anayetaka kupima chuma cha kweli lazima kwanza akifungue kutoka kwenye transferini kwa asidi, na akishatia asidi lazima athibitishe kwamba nukta zake bado zinang'aa vilevile katika asidi hiyo.

La tatu ni kivuli nilichokiahidi. Chuma chenye chaji tatu hufyonza urujuanimno, eneo lilelile linalotumika kuziamsha nukta. Chukua sampuli ambayo ufyonzaji wake ni 0.30 kwenye wimbi la kumulikia na 0.05 kwenye wimbi la kutolea. Kanuni ya kusahihisha inayotumiwa kwa kawaida huzidisha mng'ao uliosomwa kwa 10 iliyopandishwa kwa nusu ya jumla ya hizo mbili, yaani 10 kwa kipeo cha 0.175, ambayo ni 1.5 hivi. Maana yake ni kwamba thuluthi ya mwanga imepotea bila nukta kuguswa na chochote. Mtafiti asiyefanya hesabu hii ataandika kwamba mng'ao umezimwa kwa asilimia 33 na chuma kilichojifunga kwenye uso wa nukta, na atachora mchoro mzuri wa kueleza jambo ambalo halikutokea. Kupima muda wa kung'aa husaidia pia: muda usipobadilika ilhali ukali umeshuka, tuhuma ya kivuli inapata nguvu, ingawa haithibitiki kwa hilo pekee, kwa kuwa hata kifungo kinachozima chembe moja kwa moja huacha muda wa zile zilizobaki kama ulivyokuwa.

Ninazilaumu kwa urefu kwa sababu ndizo zitakazochaguliwa na wengi. Zina mahali pake halali: kupima asidi na alkali, kupima dutu katika maji safi, na kutumika kama rangi shahidi isiyobadilika kando ya kihisi kingine. Zile zinazotoa rangi nyekundu zimepunguza tatizo la kelele, lakini utengenezaji wake bado haurudiki kwa urahisi kutoka maabara moja hadi nyingine.

Vishada vya dhahabu

Dhahabu ikipunguzwa hadi atomi chache, tuseme 25, huacha kuwa metali ya kumetameta na kuanza kutenda kama molekuli yenye fluoresensi. Njia ya watafiti Xie, Zheng na Ying wa Singapore, iliyotolewa mwaka 2009, inavutia kwa upole wake: mililita 5 za asidi ya kloridi ya dhahabu ya milimoli 10 kwa lita huchanganywa na mililita 5 za albumini ya ng'ombe (protini ya damu) yenye miligramu 50 kwa kila mililita, baada ya dakika mbili huongezwa nusu mililita ya hidroksidi ya sodiamu ya moli 1 kwa lita, na mchanganyiko huachwa ukikorogwa kwa nyuzi 37 kwa saa 12. Rangi huanza manjano hafifu, hupauka, kisha huiva kuwa kahawia. Chini ya tochi ya 365 kahawia hiyo hugeuka nyekundu, karibu na nanomita 640. Wanaoogopa gharama ya dhahabu wapige hesabu: mchanganyiko mzima una chini kidogo ya miligramu 10 za dhahabu, nao hutosha vipimo vingi ukizimuliwa.

Mavuno ya mwanga ni asilimia 6 tu. Mtu akiweka asilimia 6 kando ya asilimia 80 anaweza kudhani uamuzi umekwisha. Lakini nyekundu ya 640 iko nje ya kelele ya mkojo, na umbali kati ya wimbi la kumulikia na la kutolea ni mkubwa kiasi kwamba mwanga wa taa uliotawanyika hauchanganyiki na usomaji. Katika mkojo, hiyo 6 iliyo peke yake ni bora kuliko 80 iliyo ndani ya umati.

Mfano ulio karibu nasi ni zebaki. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita nchini Tanzania na Migori nchini Kenya hutumia zebaki kukamatia dhahabu, kisha huichoma, na mvuke wake huingia mapafuni. Zebaki ya aina hiyo hupimwa katika mkojo, tofauti na ile ya samaki, ambayo hupimwa katika damu au nywele. Kundi lilelile la Singapore lilionyesha mwaka 2010 kwamba ioni za zebaki huvizima vishada vya albumini kwa mvutano wa moja kwa moja kati ya zebaki na dhahabu yenye chaji iliyo juu ya kishada, na kikomo chao cha ugunduzi, yaani kiasi kidogo kabisa kinachoweza kutambuliwa, kilikuwa katika maji nanomoli 0.5 kwa lita, sawa na mikrogramu 0.1. Ni mvutano wa kindugu na ule unaofanyika kwenye beseni la mchimbaji, ingawa huko dhahabu na zebaki zote ni metali tupu.

Sasa weka takwimu hizo kando ya viwango vya afya. Tume ya Ujerumani ya upimaji wa kemikali mwilini iliweka viwango viwili vya zebaki katika mkojo: mikrogramu 7 kwa lita, ambayo chini yake hakuna hofu, na mikrogramu 25, ambayo juu yake hatua zichukuliwe. Kwa nanomoli, hivyo ni 35 na 125 hivi. Mkojo ukizimuliwa mara 20, kiwango cha chini kinabaki karibu nanomoli 1.75, bado juu ya 0.5, na mng'ao wa mkojo wenyewe umepungua mara 20. Nafasi hiyo ya kuzimua ni sifa ambayo haionekani kwenye picha yoyote, na ndiyo ninayoitazama kwanza ninaposoma kikomo cha ugunduzi cha kihisi kipya.

Kuzimua hakumalizi kila kitu. Zebaki ya mkojoni imeshikamana na sisteini na molekuli nyingine zenye salfa, na haitaziacha kirahisi ili iende kwenye dhahabu. Hivyo mkojo huhitaji kumeng'enywa kwa asidi kali kwanza, kisha kurudishwa katika hali inayovumiliwa na albumini. Shaba nayo imeripotiwa kuvizima vishada hivi, kwa hiyo ni busara kutia kiungo cha kuinasa shaba na kulinganisha usomaji kabla na baada. Sianidi huviyeyusha, kama inavyoyeyusha dhahabu ya mwambani, jambo ambalo wengine wameligeuza kuwa kihisi cha sianidi. Ndani ya seli hai, ambako glutathioni, molekuli yenye salfa, hufikia milimoli 1 hadi 10 kwa lita, salfa ni nyingi kiasi kwamba hesabu za maji safi hazina maana. Na sehemu ya sampuli lazima ipelekwe kwenye mashine ya mvuke baridi wa zebaki kwa ulinganisho. Kihisi ambacho hakijawahi kusimama kando ya kipimo cha rejea kwa sampuli za watu halisi bado ni wazo.

Chembe za kupandisha mwanga

Hizi hufanya kinyume cha kanuni niliyoitaja mwanzoni: hupokea fotoni mbili au zaidi za infraredi na kutoa moja yenye nishati kubwa zaidi. Umbo linalotumika sana ni floridi ya sodiamu na itriamu, iliyotiwa metali adimu: itabiamu kiasi cha asilimia 20 ya kupokea mwanga wa leza ya nanomita 980, pamoja na abiamu kiasi cha asilimia 2 inayotoa kijani karibu na 540 na nyekundu karibu na 655, au thuliamu inayotoa karibu na 800. Kwa kuwa hakuna molekuli ya mwili inayoweza kufanya hivyo kwa mwanga hafifu kama huo, kelele ya asili hutoweka karibu kabisa, na mavuno yaliyo chini ya asilimia 1 yanatosha.

Kwa damu nzima, isiyotenganishwa seramu, sioni kundi jingine la kulipendekeza kati ya haya manne. Hata hivyo aina ya rangi lazima ichaguliwe kwa akili: kijani cha 540 kinaangukia juu ya kilele cha himoglobini, na hivyo hupungua kwa sababu ya damu na si kwa sababu ya dutu inayotafutwa, ilhali 800 ya thuliamu hupita vizuri.

Kizuizi ni kifaa. Fluorometa (vifaa vya kupimia fluoresensi) nyingi na visomaji vingi vya visahani havina leza ya 980, na kuiongeza si jambo la mchana mmoja. Tena mwanga unaotoka hautii mstari ulionyooka: katika mchakato wa fotoni mbili, leza ikiongezwa nguvu mara mbili, mng'ao hupanda karibu mara nne, kwa hiyo leza inayoyumba kidogo huyumbisha majibu sana. Maji hufyonza 980 na kupata joto, na hivyo sampuli ndogo inaweza kuchemka taratibu bila mtu kujua. Aina zenye niodimiamu, zinazomulikwa kwa 808, hupunguza tatizo hilo. Zikizimuliwa mno katika maji, uso wake huyeyuka polepole na mwanga ukashuka wenyewe.

Kuchagua kwa hali halisi

Maabara yenye fluorometa ya kawaida na friji, inayotaka kupima metali katika mkojo au dutu zinazozaa peroksidi, kama glukosi ikipitishwa kwenye kimeng'enya chake, ianze na vishada vya dhahabu. Vihifadhiwe kwenye friji, maana albumini iliyoachwa kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa ni chakula cha bakteria kama protini nyingine yoyote.

Maabara inayotaka kutambua protini kadhaa kwa mpigo inunue nukta za kwanta zilizokwisha kufungwa kingamwili badala ya kuzitengeneza, na isizigandishe kamwe, kwa sababu barafu huzigandamanisha na zikishagandamana hazirudi. Ikiwa shabaha ni kipande cha karatasi cha kupimia kama kile cha malaria, nisingetumia kundi lolote kati ya haya kabla ya kujaribu vidonge vidogo vya polistireni vilivyobeba yuropiamu. Hivyo hung'aa nyekundu ya 615 kwa mamia ya mikrosekunde, na kisomaji kinachongoja kidogo baada ya taa kumulika husoma karatasi iliyokwisha kunyamaza. Si kihisi cha kemikali kwa maana kamili, ni alama tu, lakini mara nyingi alama ndiyo inayohitajika.

Kwa kuingiza ndani ya mwili wa mtu, ulinganisho huu una neno fupi: chembe zenye ukubwa wa chini ya nanomita 5.5 hivi ndizo zilizoonyeshwa kupita kwenye figo na kutoka kwa mkojo, na chembe ndogo za silika zilizofungiwa rangi, kazi iliyoanzia Chuo Kikuu cha Cornell, zimeshafikishwa kwenye majaribio kwa wagonjwa wa saratani, jambo ambalo nukta za kadimi hazina njia ya kulifikia.

Na kwa mwenye simu ya mkononi, tochi ya 365 na bajeti ndogo, kuna ndoa inayofaa kati ya makundi mawili niliyoyapa hukumu tofauti. Changanya nukta za kaboni za buluu, zilizosafishwa vizuri na zisizojali zebaki, na vishada vya dhahabu vyekundu vinavyozimwa nayo, kisha usome uwiano wa rangi mbili badala ya ukali wa moja. Zebaki inapoongezeka, rangi hutoka waridi kwenda zambarau hadi buluu, na simu ikisogezwa mbali au tochi ikipungua betri, rangi zote mbili hushuka pamoja huku uwiano ukibaki palepale. Buluu ya mkojo bado itaingilia upande wa shahidi, kwa hiyo kila mkojo upigwe picha mara mbili, kabla na baada ya kutia mchanganyiko, na ile ya kwanza itolewe kwenye ya pili.